Nguruwe Mwitu na Usingizi wa Wanafunzi

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili ameniomba nieleze kidogo kazi ninayoifanya tangu nilipoondoka katika shule yetu hii. Nimeona ni afadhali nisitaje mambo mengi, bali nichague jambo moja na kulimaliza. Jambo hilo ni nguruwe mwitu. Najua wako watakaocheka, hasa waliozaliwa mjini Mbarara, ambao nguruwe wanayemjua ni yule wa kwenye sahani. Lakini mwanafunzi atokaye Nakivale, au vijiji vya Isingiro, au pembezoni mwa Ziwa Mburo, hatacheka. Yeye anajua maana ya kukesha shambani usiku kucha, kisha asubuhi kulala juu ya dawati huku mwalimu akifundisha hesabu.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao waliolala juu ya dawati. Sasa nafundisha kilimo, na kila mwaka nawaona wengine wakilala mbele yangu. Haya nitakayoyaandika, mengine nimeyasoma vitabuni, mengine nimeyaona kwa macho yangu, na moja nililitenda kwa mikono yangu mwenyewe nikalijutia.

MAHALI PENYEWE

Kwa wasiopajua, Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Mbarara. Makazi hayo, ambayo sisi wenyewe huyaita kambi, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliokimbia machafuko ya Rwanda, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, ndiyo maana Kiswahili husikika kila mahali huko, sokoni na kisimani. Wazazi wangu walitoka Kivu, nami nilifika mgongoni mwa mama. Makazi yamegawanyika sehemu tatu, nazo ni Base Camp, Juru na Rubondo.

Sasa tazameni ramani. Pembeni mwa makazi liko Ziwa Nakivale. Ziwa hilo, Ziwa Mburo na maziwa jirani yameunganishwa na mabwawa ya mafunjo na maji ya mto Rwizi, mto ule ule upitao hapa Mbarara. Upande wa kaskazini na mashariki iko Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa mwaka 1983. Kwa hiyo toka hifadhini mpaka karibu na mashamba yetu iko njia ndefu ya mafunjo na vichaka. Mtu haioni njia hiyo, lakini nguruwe anaijua kama mwanafunzi anavyoijua njia ya kwenda jikoni. Wala mnyama hasomi kibao cha mpaka.

Jambo la pili ni udogo wa mashamba. Zamani waliofika Nakivale walipewa ardhi ya kutosha. Watu walivyozidi, vipande vimekuwa vidogo, na wengi hulima hadi ukingoni mwa kichaka. Tena tangu mwaka 2023 posho ya chakula ya wakimbizi nchini Uganda hugawanywa kwa kupima uhitaji wa kila jamaa, na wengi wamepunguziwa au wameondolewa kabisa. Basi mihogo iliyomo shambani imekuwa ndiyo ghala, ndiyo benki, na mara nyingi ndiyo karo ya shule. Nguruwe wakiingia usiku mmoja tu, mtoto mmoja huenda asirudi shule muhula ujao.

MNYAMA MWENYEWE

Kwanza tusichanganye majina. Wengi huita kila nguruwe wa porini ngiri. Lakini ngiri hasa ni yule wa mchana, mwenye vinundu usoni, apigaye magoti anapokula majani na kukimbia mkia wake ukiwa umesimama wima. Nguruwe mwitu ni mwingine. Ana manyoya marefu, singa mgongoni, na masikio yenye vishungi nchani. Rangi yake huwa nyekundu kama kutu, au kahawia, au nyeusi. Mchana hulala ndani ya kichaka kizito, usiku hutoka. Ni mwenyeji halisi wa Afrika, wala si nguruwe wa kufugwa aliyetoroka zizini.

Yako mambo manne ambayo yampasa mkulima ayajue juu yake.

La kwanza, haishi peke yake. Huishi katika jamaa ya dume mmoja, jike mkubwa mmoja, na wadogo wao, mara nyingi wanne mpaka kumi. Dume husaidia kulinda watoto, na ni mkali sana.

La pili, anakula karibu kila kitu. Hula mizizi, mihogo, viazi vitamu, karanga, mahindi, ndizi zilizoanguka, mabuu ya wadudu, hata mizoga. Pua yake ni jembe na ni taa. Kwa hiyo giza halimzuii kupata kiazi kilichojificha ardhini.

La tatu, huharibu kuliko anavyokula. Ili ale gunzi moja huangusha mabua kadhaa, na mhogo aliouchimba nusu huoza.

La nne, hujifunza upesi. Akipata hatari mahali, jamaa nzima hukumbuka. Hawaachi kula, ila hubadili saa na njia.

Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi minne hivi, naye huzaa watoto watatu au wanne kwa kawaida. Adui yake mkubwa ni chui. Mburo chui wangaliko, lakini simba wa zamani walikwisha toweka, na penye watu wengi hata chui hukaa mbali. Basi hapa kwetu anayebaki kumpinga nguruwe ni binadamu, naye mara nyingi humpinga vibaya, kama nilivyofanya mimi.

KOSA LANGU

Nilikuwa kidato cha pili, wakati wa likizo. Mama yangu alikuwa na mihogo na mahindi kando ya kichaka, naye alikuwa amekwisha kesha majuma matatu. Macho yake yalikuwa mekundu. Usiku mmoja alishikwa na usingizi saa tisa, na alipoamka robo ya mahindi ilikuwa chini. Sikuweza kumtazama usoni asubuhi ile.

Nikachukua waya wa breki ya baiskeli, nikafunga tanzi, nikalitega katika njia yao, nikalifunga kwenye kisiki. Sikumwambia mtu. Usiku wa kwanza hapana kitu. Usiku wa pili hapana kitu. Usiku wa tatu, alfajiri, nikasikia mlio, nikakimbia na panga mkononi nikifurahi. Nilipofika nikakuta ndama. Alikuwa ndama wa jirani yetu, mzee wa Kinyankole mwenye ng'ombe wa pembe ndefu, na waya ulikuwa umemkata mguu mpaka mfupani.

Yule mzee hakunipiga wala hakupaza sauti. Alichuchumaa akamshika ndama kichwa, kisha akaniambia, "Mwanangu, nguruwe wamekula mihogo ya mama yako, nawe umemla ndama wangu. Sasa nimwite nani mharibifu?"

Ndama hakupona. Mama alilipa mbuzi wawili aliokuwa amewaweka kwa ajili ya karo yangu, nami nilichelewa kurudi shuleni kwa majuma matano. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Tena nguruwe waliendelea kuja, ila sasa walipita upande mwingine wa shamba.

Baadaye nilielewa kuwa nilikosa mara tatu. Tanzi halichagui, litamshika ndama, mbwa, swala, hata mtoto. Kutega waya ni kuvunja sheria ya wanyamapori. Na kosa la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Hata kama ningalimpata nguruwe mmoja, nisingalipata faida, maana ningalikuwa nimemwondoa mmoja na kuwafundisha saba.

FUNZO KUTOKA NCHI ZA WAWINDAJI

Huenda mtu akauliza, "Kwa nini wasipigwe risasi tu wakaisha?" Swali hilo si jipya. Kando ya Mburo limekwisha jaribiwa.

Mwaka 1933 eneo la Mburo lilifanywa mahali pa kuwinda kwa ruhusa, na mwaka 1963 likawa pori la akiba. Katika miaka ya 1950 na 1960 serikali ilipiga vita mbung'o walioua ng'ombe wa Ankole kwa ugonjwa wa nagana. Vichaka vilikatwa, dawa ikapulizwa, na wanyama wengi wakapigwa risasi kwa sababu mbung'o hunywa damu yao. Ngiri na nguruwe mwitu ni miongoni mwa wanyama ambao mbung'o huwapenda sana, kwa hiyo hawakusamehewa. Walakini nguruwe mwitu wapo mpaka leo, kwa kuwa wana kichaka na wana usiku.

Mwaka 2001 Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda iliruhusu, kwa majaribio, uwindaji wa kulipia katika mashamba ya ng'ombe yaliyo jirani ya hifadhi. Shabaha ilikuwa kwamba wenye ardhi wapate faida kutokana na wanyama walao majani pamoja na ng'ombe wao. Mnyama mkuu wa huko ni swala pala, yule ambaye jina lake limo katika jina la mji wa Kampala. Swala pala huonekana mchana, peupe, na mwindaji alipaye fedha hutaka dume mwenye pembe nzuri. Nguruwe mwitu hana pembe wala haonekani mchana. Kwa hiyo bunduki ya mgeni yaweza kumletea mwenye ng'ombe fedha za swala, lakini haimlindii jirani yake mihogo.

Tutazame na ng'ambo, maana huko jambo hili limekuwa kubwa zaidi. Marekani hapakuwa na nguruwe hapo kale. Waliletwa na Wazungu, na mmoja wa walioleta ni Hernando de Soto, Mhispania aliyetua Florida mwaka 1539. Wengine walitoroka zizini, na katika karne ya 20 matajiri walileta nguruwe wa porini kutoka Ulaya ili wawawinde. Leo serikali ya huko inakadiria kuwa wako zaidi ya milioni 6, katika majimbo 35 au zaidi.

Wanaolalamika huko si wakulima peke yao, bali hata wawindaji wa kulungu. Mwenye ardhi ya kuwindia humwaga mahindi ili kulungu wavutwe, lakini wanaofika kwanza ni nguruwe. Humaliza mahindi, huwafukuza kulungu, hufukua ardhi, na wakimkuta mtoto wa kulungu amelala majanini, huweza kumla. Mwindaji humpiga mmoja, waliobaki hukimbilia ardhi ya jirani na kuanza kutoka usiku tu. Hukadiriwa kuwa ili nguruwe hao wasizidi yapasa kuondoa kama asilimia 70 yao kila mwaka, na bunduki za wikiendi haziwezi kufikia hesabu hiyo. Tena palipo na mchezo wa kuwawinda, watu wengine huwabeba kwa magari na kuwaachilia mahali papya ili mchezo usiishe. Kwa sababu hiyo jimbo la Kansas lilipiga marufuku mwaka 2006 kuwawinda nguruwe hao kwa mchezo. Huko wenye ujuzi sasa hushauri kutega jamaa nzima kwa mara moja ndani ya zizi, wala si kumwinda mmoja mmoja.

Mimi nilisoma habari hizo hapa Mbarara, katika chumba cha vitabu, nikamkumbuka yule ndama. Lakini angalieni tofauti. Nguruwe wa Marekani ni mgeni, na wenyewe wanataka atoweke kabisa. Wetu ni mwenyeji, ana kazi yake porini, huipindua ardhi na kutawanya mbegu. Tena huzaa kidogo kuliko yule wa Marekani. Sisi hatutafuti kumfuta duniani, bali tunataka akae kichakani nasi tule mihogo yetu. Hata hivyo kanuni ni moja kwa wote wawili: nguruwe huja kwa jamaa, na hawezi kuzuiliwa ila na jamaa.

JINSI YA KULINDA SHAMBA

Haya ndiyo ninayowafundisha wanafunzi wangu, nami nimeyapanga kutoka lililo rahisi mpaka lililo gumu.

1. Soma ardhi kwanza. Asubuhi zungukia shamba, tazama nyayo, mavi na mahali palipofukuliwa. Hesabu nyayo kubwa na ndogo. Andika tarehe na mahali walipopita. Daftari moja la mwanafunzi lafaa kuliko mitego kumi, maana baada ya mwezi utajua njia zao.

2. Ondoa maficho. Kata kichaka na majani marefu kando ya shamba, upana wa hatua kumi na tano au zaidi. Nguruwe hapendi kuvuka peupe, na mlinzi atamwona kabla hajafika.

3. Panga mazao. Mihogo, viazi, karanga na mahindi vipandwe karibu na nyumba. Ukingoni panda vile asivyovipenda, kama vile pilipili na kahawa. Na mazao yaliyoiva yasingoje shambani.

4. Jenga ua ulio mzito chini. Nguruwe haruki, husukuma kwa pua. Ua mrefu wenye mwanya chini haufai kitu. Wengine hupanda miti ya miiba iliyosongamana, na kuziba chini kwa magogo na matawi ya miiba. Ua wa namna hii huchukua miaka, lakini hauli mshahara.

5. Linda kwa zamu. Nitaeleza zamu mbele kidogo, maana ndiyo kiini cha makala hii.

6. Piga ripoti. Katika Uganda nguruwe mwitu, nyani na tumbili wametajwa kuwa wanyama waharibifu, na kazi ya kuwazuia imekabidhiwa serikali za wilaya. Hii haina maana kwamba kila mtu ana ruhusa ya kuua. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na katika makazi nenda kwa baraza la wakimbizi na ofisi ya mkuu wa makazi. Nenda na lile daftari lako. Malalamiko yasiyo na tarehe husahaulika.

Naongeza makatazo matatu. Usichimbe shimo la mtego, maana watu hupita usiku. Usitie sumu, maana itaua mbwa, tai, na huenda ikamfikia binadamu. Usimfuate nguruwe aliyejeruhiwa kichakani, hasa dume, maana meno yake hukata kama kisu.

ZIZI LA MTEGO

Zizi la mtego nililiona likitumiwa hapa kwetu mara moja, chini ya usimamizi wa askari wa wilaya. Lilijengwa kwa magogo, mviringo, lenye mlango wa kuanguka ulioshikwa na kamba ndefu. Ndani tuliweka ndizi mbivu na mahindi, mlango ukaachwa wazi. Tulijua kutokana na daftari kuwa jamaa ile ina nguruwe saba.

Usiku wa nne waliingia wawili. Kijana mmoja aliishika kamba akataka kuvuta. Yule mzee wa ndama, ambaye alikuwa amekaa nasi gizani, alimshika mkono, akamnong'oneza, "Wangapi?" Kijana akajibu, "Wawili, mzee." Mzee akasema, "Basi watano wako nje wanakutazama." Kamba haikuvutwa. Usiku wa tano waliingia wanne, usiku wa saba sita, na usiku wa kumi na moja wote saba wakaingia, dume akiwa wa mwisho. Hapo ndipo mlango ulipoanguka, na askari akamaliza kazi yake kwa bunduki.

Nyama haikuliwa, ilizikwa. Hayo yalikuwa mapatano ya tangu mwanzo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ugonjwa, kama nitakavyoeleza. Ya pili ni kwamba kati yetu walikuwamo Wasomali Waislamu, nao walikesha pamoja nasi, na mwenye duka mmoja alitoa tochi na betri. Palipo na nyama, watu huanza kugombana juu ya paja. Palipozikwa nyama, kila mtu alirudi nyumbani na jambo moja tu, yaani mihogo yake.

Je, nguruwe waliisha? La. Baada ya miezi mitano jamaa nyingine ilikuja kutoka mabwawani. Lakini ilikuta njia zimefyekwa na walinzi wako macho, nayo haikukaa.

HESABU YA USINGIZI

Sasa tufanye hesabu ndogo. Ukingoni mwa kichaka chetu zilikuwako jamaa 10. Kila jamaa ilikuwa na mlinzi wake kila usiku, na kwa kawaida mlinzi huyo alikuwa mtoto wa shule, maana baba alihitaji nguvu za kulima kesho. Basi watu 10 walikesha kila usiku, kila mmoja peke yake, kila mmoja akipiga debe lake. Nguruwe walipofukuzwa kwa jirani wa kwanza waliingia kwa wa pili, na wa pili alipolala waliingia kwa wa tatu. Kwa kweli tulikuwa tukifukuziana nguruwe.

Tulipokutana tukakubaliana kwamba mashamba 10 yahesabiwe kuwa shamba moja, lenye ukingo mmoja. Kila usiku walinzi wawe wawili, watu wazima, watembee ukingo mzima kwa tochi na debe, na mbwa wakiwapo. Walinzi wawili kwa jamaa 10, ndiyo kusema kila jamaa hutoa mtu mmoja usiku mmoja katika tano. Watu wanane ambao zamani walikesha sasa hulala. Katika mwezi wa siku 30 zamani tulitumia zamu 300 za kukesha, sasa zatosha 60. Zamu 240 zimerudishwa kitandani.

Haikuwa rahisi. Wengine walisema, "Mimi shamba langu liko katikati, nguruwe hawafiki kwangu." Wengine hawakuaminiana kwa sababu ya lugha na mambo ya zamani waliyotoka nayo makwao. Mama yangu ndiye aliyesimama akasema, "Nguruwe hawaulizi mtu ametoka nchi gani." Watu walicheka, kisha wakaandika majina. Muhula uliofuata, mwalimu wa shule ya msingi aliuliza kumetokea nini, maana watoto wa upande ule wameacha kusinzia.

HOMA YA NGURUWE

Neno la mwisho ni kwa wanaofuga nguruwe, nao ni wengi Mbarara na vijijini. Uko ugonjwa uitwao homa ya nguruwe ya Afrika. Ulielezwa kwa mara ya kwanza na daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery, aliyeandika mwaka 1921 habari za ugonjwa uliotokea Kenya. Ngiri na nguruwe mwitu huweza kubeba virusi vyake bila kuugua, lakini nguruwe wa kufugwa hufa, mara nyingi zizi zima, kwa siku chache. Haumwambukizi binadamu, wala hauna tiba.

Hubebwa na papasi, na nyama mbichi, na damu, na mabaki ya jikoni, na hata viatu vya mtu aliyetoka kwenye zizi lenye ugonjwa. Nilimwona mtu aliyepewa paja la nguruwe mwitu akawatupia nguruwe wake matumbo na ngozi. Sikuweza kuthibitisha kama ndiyo sababu, lakini hazikupita wiki mbili zizi lake likawa tupu. Basi fungeni nguruwe wenu ndani ya zizi, msiwaache wazurure. Chemsheni makombo kabla ya kuwapa. Msilete mzoga wa porini nyumbani. Na nguruwe wakianza kufa, mwiteni mganga wa mifugo, msikimbilie kuuza nyama sokoni, maana kwa kuuza mtaupeleka ugonjwa kwa jirani.

MWISHO

Haya ndiyo niliyotaka kuwaeleza. Watu wengine hudhani elimu ya kilimo ni mbolea na mbegu tu. Mimi nimeona kwamba sehemu yake kubwa ni kupatana na jirani. Nilipotega waya gizani bila kumwambia mtu, nilimpoteza ndama, mbuzi wawili, na majuma matano ya masomo. Nilipokaa gizani pamoja na mwenye ndama yule yule, tulipata mihogo. Mzee huyo sasa ni marehemu, lakini wanawe bado wako katika zamu, na jamaa yangu pia.

Ninyi mnaokwenda likizo Nakivale, Isingiro au Nyabushozi, chukueni daftari moja lisilo na kazi. Mkirudi, nileteeni habari za nyayo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti tatu kati ya ngiri na nguruwe mwitu.

2. Kwa nini kumuua nguruwe mmoja wa jamaa huweza kuongeza shida badala ya kuipunguza?

3. Jamaa 12 zimepatana kuweka walinzi watatu kila usiku. Kila jamaa itakesha mara ngapi katika mwezi wa siku 28?

4. Chora ramani ya shamba la kwenu. Onyesha nyumba, kichaka, maji, na mahali ambapo ungepanda mihogo, mahindi na pilipili. Toa sababu.

5. Jirani yako anasema nguruwe hawafiki shambani kwake, kwa hiyo hataingia katika zamu. Mwandikie barua ya adabu kumshawishi.